Dodoki la Mama

Mama yake Chiriku hakuwa na mchezo na uchafu. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo kauli yake, huku kamdhibiti binti yake bafuni, anamsugua mpaka nongo zinamtoka. Kwanza masikio, kisha shingo, kwapa, katikati ya vidole vya miguu. Mgongo aliuweka mwisho, maana mgongo mtoto haufikii. Akimaliza, dodoki hutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na ole wake atakayeliacha sakafuni.

Basi mama akafa. Na baada ya mazishi, jamani, dodoki lile likawa linakutwa bichi kila asubuhi.

Chiriku aliliona kabla ya kwenda shule, linachuruzika maji. Nyumbani walibaki wawili tu, yeye na baba yake, fundi seremala, ambaye huogea kwenye bomba la karakana akimaliza kazi. Mtoto akapiga hesabu zake za kitoto: mama anakuja kuoga. Akikuta dodoki limetumika, ataona nyumba imeshazoea kutokuwepo kwake, atakwenda zake moja kwa moja. Ndipo Chiriku akaacha kuoga. Kila siku alimjazia mama ndoo, yeye akajilowesha miguu tu, akatoka na taulo begani kama mtu aliyeoga kweli.

Lakini uchafu nao ni kikohozi, haufichiki. Darasani wenzake wakahama dawati lake, wakambatiza Beberu. Msichana aliyeitwa Chiriku kwa kupenda maneno akawa kama kamwagiwa maji ya baridi. Aliumia, tena sana, ila alishaamua: afadhali anuke, mama aje.

Siku shangazi yake alipokuja kuwajulia hali, pua ilimweleza yote pale mlangoni. Akamvaa kaka yake, mtoto ananuka hivi, wewe uko wapi? Fundi akaapa kwamba binti yake anaoga. Kila alfajiri yeye hukuta dodoki bichi, na moyo wake hutulia kwamba mafunzo ya marehemu hayajapotea bure.

"Mimi silishiki, baba," Chiriku akasema. "Namwachia mama."

Shangazi, na mdomo wake wote ule, akatafuta kiti akakaa. Fundi aliutazama mlango wa bafu mpaka machozi yakamlengalenga.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mama yako hana shida ya kuoga. Kama anakuja, anakufuata wewe akuogeshe."

Chiriku akaingia bafuni peke yake. Alijua kwamba akilishika lile dodoki anamuaga mama. Akalishika. Akaanzia masikio, akaja shingo, kwapa, vidole vya miguu, analia huku anasugua. Mgongo akaujaribu, mkono ukagoma kama siku zote. Akasimama kidogo, ameupa mlango mgongo, hakuthubutu kugeuka.

Alipotoka, shangazi akamkagua kama mama alivyokuwa akimkagua. Alipofika mgongoni, mkono ukasita. Mgongo wote ulikuwa safi, tena mwekundu kidogo wa kusuguliwa.

"Huku nani kakusugua?" akauliza.

Asubuhi Chiriku alikimbilia bafuni kabla hata ya kupiga mswaki. Dodoki lilikuwa kavu. Akaligusa upande wa pili, kavu vilevile. Basi akajaza ndoo yake, akaanzia masikio.