Fungate ya Mama Revo

Generoza alipowaambia watoto wake kwamba anaolewa, walifurahi. Revokatus, mwanawe mkubwa, aliinuka mezani akamkumbatia huku kijiko kikiwa bado mkononi. Angelika, mke wa Revokatus, alipiga vigelegele hadi mtoto mdogo akaziba masikio. Fides, kitinda mimba, alikuwa kwenye simu kutoka Columbus anakosoma, na wote walimsikia akilia kwa furaha. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu ya Mzee Athanasi. Alikuwa mgane, Mrundi mwenzao aliyeishi kambini Tanzania kama wao, na kiwanda alichofanyia kazi huko Buffalo kilikuwa kimemstaafisha kwa heshima.

Tabu ilianza Generoza alipotaja fungate.

"Siku saba," alisema. "Tunakwenda New Orleans."

Revokatus alicheka, akidhani mama anatania. Alipomtazama usoni akaona hatanii, akakaa.

"Mama, fungate ni ya vijana. Nyinyi mnakwenda kufanya nini huko?"

"Kutembea."

Akaanza kukusanya sahani.

Generoza alikuwa na miaka hamsini na tisa. Tangu waje Amerika alikaa kwa mwanawe, upande wa South End, mjini Louisville. Kila siku aliamka saa kumi na moja alfajiri, akawavalisha wajukuu watatu, akawapeleka kwenye basi la shule, akarudi kupika na kufua. Mchana alipanda basi la jiji kwenda kwenye ghala alikopanga viatu katika maboksi. Revokatus aliendesha mashine ya kunyanyulia mizigo katika ghala jingine, na Angelika alikuwa kiwanda cha nyama, zamu zao zikibadilika kila mwezi. Bila Generoza nyumba ile isingekwenda hata siku mbili. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyewahi kulisema.

Na Athanasi alikuwa amekwisha kupangiwa nafasi yake. Revokatus alipaka rangi chumba cha chini ya nyumba, akaweka kitanda kipya na zulia, akawaambia jirani zake kwamba mzee akishahamia atasaidia kupeleka wajukuu shule. Alifanya hayo kwa moyo mweupe.

Generoza na Athanasi walikuwa wamekutana Columbus miaka miwili iliyopita, katika tamasha la kwaya za Warundi. Athanasi ndiye aliyeendesha gari la kwaya ya Buffalo. Wakati wa chakula alikaa karibu na Generoza, akamuuliza kama anadhani ugali utatosha kwa mara ya pili. Ulitosha. Baada ya hapo ikawa simu, na baada ya simu ikawa safari. Athanasi aliteremka mwendo wa saa tano kwa gari kutoka kwake Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, na Generoza akipata lifti alipanda mwendo wa saa tatu na nusu kutoka Louisville. Walikutania kwa Fides, katika apatimenti ndogo karibu na chuo kikuu. Walikaa sebuleni wakinywa chai na kuzungumza mpaka jua likazunguka dirisha, na Fides akijifanya anasoma.

New Orleans ilitokea humo humo sebuleni. Edah, msichana Mkenya aliyepanga pamoja na Fides, aliwaonyesha kwenye simu video ya mji ule: bendi inapiga katikati ya barabara saa sita mchana, na watu, wazee kwa watoto, wanaifuata wakicheza. Generoza aliomba irudiwe. Ikarudiwa mara tatu. Athanasi alipomwambia, wiki chache baadaye, kwamba angependa wafunge ndoa, alikubali, kisha akasema kuna mji anataka kuuona.

Ndoa yake ya kwanza ilifungwa kambini, Kasulu, siku ya Jumamosi. Jumatatu alikuwa kwenye foleni ya unga, na Jumanne msituni akitafuta kuni. Neno fungate alilisikia kwa wauguzi wa zahanati, waliokuwa wakichekeana juu ya mwenzao aliyetoka kuolewa. Hakuwaonea wivu. Lakini sasa alikuwa anaolewa akiwa na akili zake zote na mshahara wake mwenyewe, na alitaka kuolewa kukamilike.

Revokatus alimpigia Athanasi simu. Alizungumza kwa adabu. Alimwambia mzee kwamba mama magoti yanamsumbua, mji wenyewe una fujo, na chumba kiko tayari. Je, si afadhali siku hizo wazitumie kupumzika nyumbani? Athanasi alikuwa mtu mpole, tena aliyezoea kuomba ruhusa. Kambini alikaa miaka mingi ambapo hata kutoka getini kwenda kuchanja kuni kulitaka kibali. Alijibu, "Haya, mwanangu," na siku ile ile akafuta hoteli aliyokuwa ameiweka.

Habari hiyo alimpa Generoza Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, kwa Fides, kabla hata chai haijamiminwa. Alieleza polepole, akisisitiza kwamba amefanya hivyo kwa ajili ya amani.

Generoza alikwenda jikoni, akazima jiko, akarudi akakaa.

"Athanasi," alisema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo, jina tupu. "Burundi nilitoka mgongoni mwa mama yangu. Tukaingia Kongo, tukatoka Kongo mbio. Nikakaa kambi moja wakaifunga, wakanipakia lori kwenda nyingine. Louisville nilikuja kwa sababu iliandikwa kwenye karatasi. Maisha yangu yote nimesafiri, na hakuna safari hata moja niliyoitaka mwenyewe. Hii naitaka."

Athanasi aliinamisha macho kwenye zulia. Kisha akauliza, "Na Revokatus?"

"Revokatus ni mwanangu. Si mzazi wangu."

Alipoona bado mzee anatazama zulia, akaendelea kwa sauti ile ile, bila kucheka. Alimwambia akitaka abaki. Yeye atakwenda fungate peke yake, na wenyeji wakiuliza bwana harusi yuko wapi, atawaambia yuko Cheektowaga anachota theluji kwa koleo. Nyuma ya kitabu Fides alishindwa kujizuia, na kitabu kikaanza kutikisika.

Athanasi akasimama, akachukua koti. Generoza alidhani amekasirika na anarudi kwake.

"Twende Louisville," Athanasi alisema.

"Leo?"

"Leo. Neno nililitoa kwa simu, lakini kulirudisha ni lazima ana kwa ana."

Njiani hakuzungumza sana. Midomo yake ilicheza kidogo kidogo, kama mtu anayejifunza wimbo mpya wa kwaya, na Generoza alimwacha. Walipovuka mto Ohio pale Cincinnati aliomba maji, akanywa nusu chupa, akaendelea kuendesha.

Walimkuta Revokatus uani, kichwa ndani ya injini ya gari lake. Alishtuka kuwaona pamoja. Wakakaribishwa ndani, Angelika akaleta soda na karanga, wajukuu wakasalimia kwa Kiingereza wakakimbilia televisheni. Athanasi aliuliza habari za kazi, za watoto, za kanisa. Alipomaliza yote ya heshima, akaweka glasi mezani.

"Mwanangu, wiki ile uliniomba jambo nikakubali. Nimekuja kukuambia kwamba nilikosea kukubali. Mama yako nitampeleka New Orleans. Na tukirudi, hatutakaa chini ya nyumba yako, ingawa chumba ni kizuri na nakushukuru. Tutapanga kwetu, mtaa huu huu. Wajukuu watakuja wakati wowote, lakini watakuja kwa bibi yao kama wageni wanaopendwa."

Hakuna aliyetarajia maneno mengi hivyo kutoka kwa mzee yule. Angelika ndiye aliyejibu kwanza. Alisema ataomba kubadilishiwa zamu, na kwamba jirani yao Mama Gloire amekwisha kumwambia mara nyingi kuwa anaweza kuwaangalia watoto asubuhi. Hata yeye, alisema, alikuwa anaona aibu kumtazama mama akipanda basi la kazini baada ya asubuhi nzima ya kazi za nyumbani.

Revokatus alikuwa akijifuta mafuta ya gari kwenye vidole, kidole kimoja kimoja.

"Baba aliondoka akisema siku saba," alisema.

Generoza hakuwa amemsikia akimtaja baba yake kwa miaka mingi. Revokatus alikuwa na miaka tisa wakati ule. Baba yake, Dionizi, alitoroka kambini kwenda kuvuna tumbaku kwenye shamba la mtu, vibarua vya wiki moja. Malaria ikamkamata huko huko, wakamzika huko huko, na habari ilifika baada ya mwezi mzima. Mwezi huo wote Revokatus alishinda karibu na geti la kambi akitazama barabara. Generoza alikuwa na mtoto mchanga kifuani, na alidhani mwanawe anacheza na wenzake.

Sasa alielewa mambo mengi kwa mara moja. Alielewa kwa nini kijana huyu hupiga simu basi likichelewa dakika kumi, na kwa nini kila mara hung'ang'ania wote walale chini ya paa moja. Akaenda akakaa kwenye mkono wa kiti chake, akamshika kichwa kama alivyokuwa akimshika zamani.

"Mimi ninakwenda kucheza, baba," alimwambia. "Siendi kuvuna tumbaku. Nitarudi."

Revokatus alilia bila sauti, na watoto kule kwenye televisheni hawakugeuka. Athanasi alitazama dirishani kwa muda wa kutosha. Kisha akasema kwamba anahitaji mtu wa kuwapeleka uwanja wa ndege na kuwapokea siku ya nane, na mtu huyo angependa awe Revokatus na si mwingine.

Revokatus akajifuta uso kwa kitambaa kile kile cha gari, ukabaki na michirizi myeusi. Akauliza ni hoteli gani. Athanasi alipokiri kwamba ameifuta, Revokatus alimtazama mama yake, mama akamtazama Athanasi, na Angelika akaanza kucheka. Kuanzia hapo hapakuwa na mtu aliyeipigania fungate ile kuliko Revokatus. Alitafuta hoteli siku tatu. Alikataa moja kwa sababu haina lifti na nyingine kwa sababu iko mbali na muziki. Alimpigia Fides awasomee maoni ya wageni waliotangulia, na alipopata hoteli iliyomridhisha, aliwauliza wenye hoteli kwa simu, kwa Kiingereza chake cha ghalani, kama vitanda vyao ni vigumu kiasi cha kufaa mtu mwenye mgongo wa miaka sitini na sita.

Harusi ilifungwa mwezi wa sita, Louisville. Kutoka Buffalo zilikuja gari mbili zimejaa kwaya, na kutoka Columbus akaja Fides na Edah, Edah kavaa kitenge alichoshonewa na fundi Mkongo siku mbili kabla. Generoza aliingia kanisani ameshikwa mkono na mwanawe. Alikuwa na gauni la rangi ya krimu na kilemba cha rangi hiyo hiyo, na alitembea akitazama watu machoni, hakuinamisha kichwa kama maharusi wengi wanavyofundishwa. Mchungaji alipomuuliza kama anamkubali Athanasi, alijibu kwa sauti iliyofika mlangoni, na kanisa zima likashangilia kabla mchungaji hajamaliza.

Ukumbini, ulipofika wakati wa kina mama wakongwe kumpa bibi harusi mawaidha, alisimama bibi mmoja wa Cheektowaga aliyewahi kukaa naye kambi moja. Alimtazama Generoza kutoka kilemba hadi viatu.

"Huyu hana cha kufundishwa," alisema. "Mwacheni acheze."

Akacheza. Alicheza na mumewe, akacheza na Revokatus, akacheza na wajukuu mmoja mmoja, na jioni alipoketi hatimaye, viatu vyake hakujua viko wapi.

Siku ya tatu ya ndoa yao walikuwa New Orleans, wamesimama kwenye kona wakila maandazi yaliyomwagiwa sukari nyeupe mpaka ikawaangukia nguoni, Athanasi akipangusa suti yake bila mafanikio. Bendi ikapita. Ilikuwa harusi ya watu wengine, wasiowajua kabisa, na nyuma ya bendi umati unacheza na vitambaa juu. Generoza alimkabidhi mumewe maandazi akaingia barabarani. Mama mmoja mnene mwenye mwavuli wa manyoya alimpisha nafasi, wakacheza bega kwa bega mpaka njia panda, na Athanasi nyuma yao akitembea kwa haraka na mfuko wa maandazi.

Yule mama aliwatazama wote wawili, akauliza wameoana miaka mingapi.

"Siku tatu," Generoza akajibu, kwa Kiingereza kilichonyooka.

Yule mama akaipaza habari hiyo mbele. Mpiga tuba akageuka, kisha wa ngoma, na kwa dakika nzima bendi ya harusi ya watu iliwapigia wao, katikati ya barabara, jua likiwa utosini. Bibi harusi mwenyewe, binti mdogo aliyevaa raba chini ya gauni, alikuja akambusu Generoza shavuni.

Siku zilizobaki walipanda meli ya mto, wakapotea sokoni, na asubuhi moja wakalala hadi saa nne bila sababu yoyote. Kila siku Revokatus aliletewa picha. Siku ya sita walikaa kwenye benchi kando ya mto Mississippi, na Athanasi, ambaye sasa safari zilianza kumkolea, alimuuliza mkewe mwakani angependa waende wapi.

Generoza alinyoosha miguu yake mbele, akavitazama viatu vyake vipya.

"Usinikimbize," alisema. "Bado nachagua."