Nilivyompa Kabureta Mji Mzima

Usiku wa jana niliota, tena niliota nimesimama wima, bisibisi mkononi.

Pikapu ya marehemu babu yenu ilikuwa uani, boneti wazi, kama ilivyo tangu Jumatatu, siku niliyochomoa waya zake za plagi nizisafishe mwenyewe. Nikazirudisha kwa utaratibu, moja baada ya nyingine. Tangu hapo ukiwasha inapiga chafya, inanyamaza. Mwanangu Ambakisye akakata shauri: asubuhi ikikataa kuwaka, kuna mtu anakuja kutoka Kyela kuichukua, akaikate vyuma chakavu. Fundi Gwamaka naye alikuja, akachungulia, akacheka. Akasema injini haishikwi na mtu aliyevaa kanga.

Basi katika ndoto, injini imevaa kanga. Kanga yangu mwenyewe, ile ya njano.

"Shikamoo, bibi," inasema sauti kutoka chini ya chujio la hewa.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Kabureta. Ninawachanganyia hewa na petroli tangu kichwa chako hakijaota mvi. Hujanisalimia hata siku moja."

Nikamwomba radhi. Kosa ni kosa.

"Kaza ile skrubu yangu ya pembeni mpaka iguse, usilazimishe. Kisha ilegeze mzunguko mmoja na nusu."

Nikailegeza mzunguko mmoja. Nyumba yangu nayo ikazunguka mara moja, mlango ukarudi pale pale, kuku wakapepesuka kidogo. Nikaongeza nusu. Nyumba ikageukia migombani, na sisi tukawa jikoni. Sikushangaa. Nusu ni nusu.

Fundi Gwamaka yumo kwenye kabati la vyombo, kimo chake kama kikombe.

"Bibi, weka bisibisi chini, utaharibu."

"Nimezaa wanne, sikukuita," namjibu, namfunika kwa bakuli.

Kabureta amejivutia kigoda, amekaa karibu na mafiga.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Ndugu wanne nyumba moja. Wakisema kwa zamu, mama anatembea. Wakikosea zamu, mama anakohoa na kulala."

Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kwa vitendawili hakuna aliyewahi kunichukulia mji. Nikafikiri. Nikasema, "Chuchu za ng'ombe."

"Ng'ombe halali kwa sababu ya zamu. Umeshindwa. Nipe mji."

Sheria ni sheria, ukishindwa unatoa mji. Tukuyu siwezi kuitoa, ndiko ninakouzia ndizi. Mbeya ina wajukuu. Nikamkumbuka yule mtu wa vyuma chakavu.

"Chukua Kyela."

"Yote?"

"Na mpunga wake."

"Ndaga," akashukuru kwa Kinyakyusa safi, akaimeza. Nikasikia honi moja ya mbali ikikatika katikati.

Mara wanaingia plagi wanne, shingo nyeupe kama wametoka kanisani, wanaketi mkekani. Wana njaa. Nampakulia wa kwanza, anakula, anatoa cheche ya shukrani. Nampakulia wa pili. Anapiga chafya, ndizi zote zinaruka darini.

"Nyie mna adabu kweli?" nasema. "Nyumba hii anaanza mkubwa, kisha anayemfuata, mpaka kitinda mimba."

"Kwetu sivyo, bibi," anasema yule wa pili, anajifuta. "Akimaliza mkubwa, anakula wa tatu. Halafu wa nne. Mimi ndiye wa mwisho."

"Nani kakuonea hivyo, mwanangu?"

"Hakuna aliyenionea. Mama alituumba hivyo. Ukitupakulia kwa kuzaliwa, mmoja anarusha cheche mwenzake akiwa bado anameza."

Nikabaki na upawa hewani. Maisha yangu yote nimepakulia kwa kuzaliwa. Na Jumatatu, zile waya, nilizipanga hivyo hivyo: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kwa heshima kabisa.

Nikafunua bakuli.

"Gwamaka. Ulipochungulia, uliliona hilo?"

"Niliona, bibi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungejifunza."

Nikamfunika tena, na juu ya bakuli nikaweka jiwe la kusagia.

Nikapakua upya. Wa kwanza, wa tatu, wa nne, wa pili. Hakuna chafya. Mafiga yakaanza kunguruma taratibu, vikombe vikatetemeka kwa sauti moja, laini, kama paka aliyeshiba.

"Kitendawili chako ni plagi," nikamwambia kabureta.

"Umechelewa, bibi. Mji nimeshakula."

"Nani ameuomba?"

Nikaamka kumekucha. Chai sikunywa. Nikajifunga kanga ya njano nikatoka uani. Waya wa kwanza nikauacha ulipo. Zile tatu nikazihamisha, kila moja kwenye zamu yake. Skrubu mpaka iguse, kisha mzunguko mmoja na nusu. Niliitazama nyumba. Ilitulia.

Nikawasha. Ikawaka! Kuku wakakimbilia migombani.

Ambakisye akatoka amevaa shati mkono mmoja, simu sikioni.

"Mama! Nani ameitengeneza?"

"Aliyevaa kanga."

Akaizunguka pikapu mara mbili. Kisha akaitazama simu yake.

"Nilitaka kumwambia yule mtu asije. Hapatikani. Nimempigia na shemeji wa huko huko, hapatikani. Yaani leo Kyela yote haipatikani."

"Mtandao huo," nikamwambia.

Nikainama kusikiliza mngurumo, nikaigusa skrubu kidogo tu, kama unavyoonja chumvi. Kabureta akacheua mara moja.

Ilitoka harufu ya wali wa mchele wa Kyela.