Patasi Sita za Mzee Abdulrazaki

Shamila alikuja karakana kwangu Kizota Jumatatu asubuhi, amebeba kasha la mbao lililofungwa kamba ya katani. Kabla hajalitua nilikwisha kujua ni la nani. Bawaba zake za shaba nilizipigilia mimi mwenyewe, wakati nikiwa mwanafunzi wa baba yake, na ilikuwa imepita miaka kumi na sita tangu nilione mara ya mwisho.

"Kaka Elisha, habari za siku nyingi?"

"Nzuri, dada. Karibu. Mzee hajambo?"

"Tunashukuru Mungu. Lakini macho ndiyo yamekwisha. Tangu Ramadhani haoni hata mwanga."

Alifungua kamba, akafunua kifuniko. Ndani mlikuwa na patasi sita, zote zimeliwa na kutu mpaka huwezi kujua chuma kinaishia wapi na uchafu unaanzia wapi. Alisema kasha lilikaa stoo, chini ya bati lililotoboka, na mvua za Januari zilinyesha humo wiki tatu bila mtu kujua. Sasa binti yake Sabiha anakaribia kuhitimu Msahafu, na babu yake ameapa kumtengenezea marfaa kwa mkono wake: kile kibao cha kuwekea Msahafu kinachokunjuka, kinachochongwa kwa ubao mmoja tu, bila msumari wala gundi.

"Anasema kazi ile haitaki macho, inataka patasi zake. Kila siku anauliza ziko wapi. Nimetafuta fundi mwenye mkono mzuri, na kila ninayemuuliza ananitajia wewe." Akatazama chini. "Hajui kama nimekuja kwako. Sikuthubutu kumwambia."

Nilimwelewa. Hata mimi nisingethubutu.

Nilitoka Kibakwe nikiwa na miaka kumi na tisa, sijui kushika hata msumeno. Mzee Abdulrazaki ni mtu wa mjini hasa, wa ukoo uliofika Dodoma enzi za misafara, na sijui alichokiona kwangu, lakini alinichukua. Alinifundisha miaka minne. Alinitania kila siku ya Mungu kwamba Mgogo akishika patasi mbuzi hubaki bila mchungaji, na mimi nikamjibu kwamba babu zake walikuja hapa wamechoka njiani, sisi tukawapa maji. Tulicheka sana miaka ile. Nilimpenda kama baba, na sioni haya kulisema.

Kisha nikaharibu. Siku moja tulikuwa na haraka, nikaona uvivu kunoa patasi yake ya inchi moja kwa mkono. Nikaenda kwa jirani mwenye jiwe la umeme. Dakika mbili tu, ncha ikageuka buluu. Chuma kikiungua hivyo kinalegea, hakishiki makali tena. Nikaisugua kwa msasa mpaka ile buluu ikatoka, nikaipaka mafuta, nikairudisha kashani. Siku ya tatu mzee alikuwa akitoboa nafasi ya kitasa kwenye mlango wa mninga wa mteja. Ncha ikajikunja, patasi ikateleza, mlango ukapasuka toka juu hadi katikati.

"Elisha, umeifanya nini hii?"

"Sijaigusa, mzee."

Aliipitisha gumba ile ncha iliyojikunja. Kisha akaniambia nikusanye vitu vyangu. Alisema kuunguza patasi ni ajali, lakini mwongo hawezi kukaa naye kwenye karakana moja.

Tangu hapo, mtu akiniuliza nani alinifundisha kazi, na kwetu mafundi hilo huulizwa kabla hujamaliza kunywa maji, nilikuwa najibu kwamba nilijifunza mwenyewe. Ningemtajaje mtu aliyenifukuza? Nilijua akifa kabla hatujapatana nitabaki na jibu hilo mpaka kaburini. Kwa hiyo kasha lile lilipotua kwenye meza yangu, niliona Mungu amenikumbuka. Nikamwambia Shamila anipe wiki mbili.

Nikafanya kazi kwa mkono mtupu. Mashine zangu zote nilizizima, majirani wakadhani nimekatiwa umeme. Nilizilaza patasi kwenye mafuta ya taa siku mbili, nikazisugua kwa brashi ya waya, kisha kwa majivu, mpaka chuma kikaanza kuonekana. Nilitandaza msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, nikasugua mgongo wa kila patasi mpaka ukalala sawasawa. Hiyo peke yake ilinila siku nne na ngozi ya vidole. Wateja wa makabati walikuja wakalalamika, nikawafokea, wakaondoka.

Jambo moja lilinisikitisha. Ncha za patasi zote sita zilikuwa zimekwenda upande, zimeinamia kushoto, na si kidogo. Mipini nayo ilikuwa imechongwa bapa ubavu mmoja, kama kazi ya mtu aliyelewa. Nikajisemea, maskini mzee wa watu, macho yalianza kumtupa zamani, akawa ananoa kombo na hajijui. Nikamhurumia. Na nisidanganye, ndani yangu nilifurahi kidogo pia, kwamba leo ni mimi ninayemsahihisha.

Basi nikazinyoosha. Nilipima kwa mraba, nikasaga kwenye jiwe la kukwaruza, nikapima tena, nikasaga tena, mpaka kila ncha ikasimama wima kabisa. Chuma kingi kilienda na maji. Halafu nikachonga mipini mipya ya mpingo, ya mviringo, laini. Ile ya zamani niliitia jikoni nikachemshia chai. Mwisho nikanoa kwenye jiwe laini, nikamalizia kwenye mkanda wa ngozi, na kila patasi ikanyoa vinyweleo vya mkono wangu bila kuvuta. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Nikazipeleka mwenyewe nyumbani kwa mzee, Majengo. Shamila alinipokea mlangoni, akaniomba nisiongee kwanza, mzee azishike, afurahi, ndipo tumwambie. Nikaingia kimya, nikaketi pembeni ya mkeka.

Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kigoda, ubao wa marfaa umelazwa mbele yake tayari. Shamila alipomwambia patasi zimerudi, uso wote ulifunguka. Akanyoosha mkono wa kulia akachukua ya nusu inchi, akaipokeza mkono wa kushoto, na ule wa kushoto ulipotoka kwenye mkono wa kanzu nikaona. Kidole cha shahada hakikuwepo. Cha kati hakikuwepo. Niliwahi kusikia kwamba mwaka mmoja baada ya kuondoka kwangu aliumizwa na mashine, lakini aliyenipa habari alisema amejikata kidogo tu, na mimi kwa kinyongo changu sikwenda kumjulia hali.

Aliishika patasi kwa gumba na vile vidole viwili vya mwisho. Ili ikae, ilimbidi ailaze upande. Akaiweka juu ya ubao, na pembe moja tu ya ncha ikagusa mti. Akaigeuza, akajaribu tena. Ule mpini wangu wa mviringo ukazunguka kiganjani, patasi ikaanguka. Akachukua ya pili, kisha ya tatu. Ule upande niliousahihisha alikuwa ameunoa makusudi, ufuate mkono wake.

"Shamila," akasema. "Hizi si patasi zangu."

"Ni zako, baba."

"Zangu nazijua. Nimezifundisha mkono huu miaka kumi na tano. Huyo fundi wako amekuibia, amekupa nyingine." Akalipapasa kasha, akazipapasa bawaba. "Kasha ni langu." Akazisukuma patasi kando. "Kasha langu, patasi za watu." Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama labda akili nayo imeanza kumwacha, na kama ni hivyo tumwambie ukweli.

Shamila alinivuta uani. Machozi yalimlengalenga.

"Kaka Elisha, nenda tu nyumbani. Nitamwambia zile ziliozea stoo, nikamnunulia mpya. Atanuna siku mbili yataisha. Akijua ni wewe, na baada ya yale ya zamani, atakufa hajakusamehe."

Alisema kwa wema, na alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Hakuna ambaye angejua. Nilisimama pale uani, nikiona kabisa kwamba nikirudi ndani ninapoteza msamaha nilioufanyia kazi wiki mbili. Lakini mzee alikuwa ameketi mle anaishuku akili yake mwenyewe kwa sababu yangu. Nikarudi ndani.

"Shikamoo, mzee."

Mikono yake ikasimama juu ya ubao.

"Marahaba," akasema polepole. "Elisha."

"Ndiyo, mzee. Patasi ni zako. Nimezinoa mimi. Nilikuta ncha zimekwenda upande, nikadhani macho yalikukosesha, nikazinyoosha. Sikumuuliza mtu. Akili yako haina kasoro yoyote, kosa ni langu."

"Na mipini?"

"Nimeichoma."

"Umeichoma ukapikia nini?"

"Chai."

Nilisubiri anifukuze, na safari hii nilikuwa tayari.

"Kibakwe nzima ile," akasema hatimaye, "na mimi nikapewa wewe. Mara mbili." Alipumua kwa nguvu puani. "Nipe jiwe. Na maji."

Nikaomba nisage mimi, yeye anielekeze. Akaniambia nisiguse kitu, nimwage maji tu. Akachukua ile ya nusu inchi, akaanza. Alisaga alasiri ile yote na alasiri ya kesho yake, kwa vidole vitatu na kiganja, bila kuona, akisimama tu kwa ajili ya swala. Mara mbili alijikata gumba, damu ikaingia kwenye maji ya jiwe, akakataa kufungwa kitambaa. Hakunisemesha. Mimi nilimwaga maji na kutazama namna ule mkono uliopungua ulivyokuwa unaipinda ncha kidogokidogo mpaka ikamfuata. Mpini wangu wa mpingo aliuchonga ubavu kwa kisu mpaka ukalala kiganjani.

Siku ya pili, jua likiwa limeanza kulegea, aliilaza patasi juu ya ubao, akasukuma. Ikauma. Utepe mwembamba wa mti ukajikunja juu ya ncha, akauokota, akaunusa, akaufikicha. Niliona mabega yake yameshuka, ameridhika.

Nikakusanya zile tano. "Mzee, nipe ruhusa. Nitazisaga hizi kwa kipimo cha hiyo, nizirudishe upande zote."

"Zilete hapa kwanza."

Alizipitisha moja moja chini ya gumba, kwa uangalifu, na kila moja alikaa nayo muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Chuma kilichobaki ni kidogo," akasema. "Ukizipindisha tena zitakwisha. Zimenyooka?"

"Zimenyooka."

"Zinataka mkono wa vidole vitano."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi ya marfaa ninayo, na baada ya marfaa sina kazi nyingine duniani. Hizi zichukue."

Nikamwambia sistahili. Akasema hajaniuliza kama nastahili. Akazirudisha kashani kwa kupapasa, akafunga kifuniko, akalisukuma kasha mpaka likagusa goti langu. Ndipo akauliza, kwa sauti ile ile ya kawaida:

"Watu wakikuuliza nani alikufundisha, huwa unasemaje?"

Ningeweza kusema lolote. "Nasema nilijifunza mwenyewe."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwisha kulijua jibu.

"Patasi uliyoiunguza nilinunua nyingine mwezi ule ule," akasema. "Na ule uongo wako niliusamehe kabla ya Idi. Nikakaa nakungoja urudi, ulikuwa kijana, mtu hukosea. Hukuja. Nilipokatika mkono, hukuja. Badala yake watu wananijia hapa, wananiambia Kizota kuna fundi hodari, amejifunza mwenyewe. Miaka kumi na sita nasikia hivyo, Elisha. Mimi nimekaa ndani humu nasikia hivyo."

Sikuwa na pa kuuweka uso. Miaka yote nilidhani ni mimi niliyekataliwa.

Nje geti lililia. Sabiha alikuwa anarudi kutoka chuo cha Kurani, anavua viatu mlangoni. Mzee akageuza uso kule sauti ilikotoka.

"Sabiha, njoo, mama. Mwamkie mjomba. Halafu muulize nani alimfundisha kazi."

Mtoto akaja, akanipa shikamoo, akaketi kwenye mkeka mbele yangu na mtandio wake mweupe, akauliza kama alivyotumwa. Mzee hakunisaidia, alikaa tu ameinamisha kichwa anasubiri.

"Babu yako," nikasema.