Lita Kumi na Tisa

Saa mbili kasoro dakika nane asubuhi, siku ya Alhamisi, mshale wa mafuta ulikuwa chini ya mstari mwekundu. Ladislaus aliuona, yeye na shemeji yake walipokuwa wametoka tu kwenye ofisi ya mazishi mjini Södertälje, Sweden, jeneza la dada yake Agripina likiwa nyuma ya pikapu, chini ya turubai, limefungwa kwa mikanda minne. Protais, jamaa aliyeliazima gari wikendi, alikuwa amelirudisha bila mafuta.

Hesabu haikuwa ngumu. Mapokezi ya mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Arlanda yangefungwa saa nne kamili. Jeneza likiwahi, Agripina angefika Bukoba kesho yake. Likichelewa, nafasi nyingine ilikuwa baada ya siku kumi na mbili. Mama yao, mwenye miaka tisini na mmoja, alikuwa ameacha kula tangu Jumapili. Alisema atakula akishamzika mwanawe. Daktari wa kule aliwaambia kwenye simu, bila kuzunguka, kwamba kwa hali hiyo hamalizi wiki.

Vituo vya kawaida saa hiyo vina foleni. Ladislaus, fundi wa malori kwa miaka ishirini na miwili, alikata kona kuingia kituo cha malori kando ya barabara kuu. Pale bomba hutoa lita mia moja na thelathini kwa dakika. Kwa makadirio yake angeokoa dakika saba.

Alisimama kwenye bomba la nne, nyuma ya lori lililobeba mbao, akaingiza kadi, mashine ikakubali. Hapo simu ikalia. Alikuwa karani wa mizigo wa Arlanda. Lori lilikuwa linanguruma, kwa hiyo Ladislaus akasogea hatua ishirini hivi ili amsikie.

Shemeji yake Valéry, mume wa marehemu, alibaki ndani ya gari na suti yake nyeusi. Alikuwa Mrundi wa mkoa wa Ngozi. Miaka kumi na sita aliyoishi Sweden alikwenda kazini kwa treni; hakuwahi kuwa na gari wala kushika bomba la mafuta. Tangu Agripina afariki watu walikuwa wakimfanyia kila kitu. Alipikiwa, alijaziwa fomu, hata tai alifungwa na jirani. Akafungua mlango, akashuka ili ajaze mafuta mwenyewe.

Alichukua bomba nene kwanza. Lilikuwa la dizeli, limetengenezwa kwa tangi la lori. Liliingia nusu kwenye mdomo wa tangi la pikapu, povu likapanda, dizeli ikamwagikia viatu vyake, bomba likajizima lenyewe. Akalirudisha. Pembeni palikuwa na bomba jingine, jembamba, la mpira wa buluu. Hilo liliingia lote.

Lilikuwa la maji ya urea. Malori huyabeba kwenye tangi lake la pekee, ili kusafisha moshi. Yakiingia kwenye dizeli huharibu pampu na kila kilicho mbele yake.

Karani alikuwa akimsomea Ladislaus namba ya hati ya mzigo, tarakimu kumi na moja, naye alizirudia moja moja akiziandika. Kwenye tarakimu ya tano alitambua kuwa bomba la nne, alilolisikia likianza kuvuma, sasa lilikuwa kimya. Bomba la dizeli la malori halinyamazi likiwa linatoa mafuta. Husikika mpaka barabarani. Akageuka, akauona mpira wa buluu mkononi mwa Valéry.

Kumzuia kulihitaji ukelele. Kwao Muleba, na kwao Valéry vilevile, mtu hapazi sauti palipo na maiti, wala hamkaripii mfiwa mbele ya mkewe. Ladislaus alimalizia tarakimu sita zilizobaki, akamshukuru karani, akakata simu. Akatembea. Hakukimbia.

Alipofika, Valéry alikuwa ameshafunga kifuniko, ameketi kwenye kiti cha dereva na kuwasha injini ili gari lipate joto. Ladislaus alipenyeza mkono dirishani, akazima. Injini ilikuwa imeunguruma kwa kama nusu dakika. Kioo cha mashine kilionyesha dizeli lita mbili, urea lita kumi na tisa.

"Ile kubwa ilikuwa inamwanga, muramu," Valéry alisema, akimwita shemeji kwa Kirundi. "Hii ndogo ikaingia muzuri."

Dereva wa lori la mbao alikuwa amesikia Kiswahili. Alikuja akipangusa mikono, Mkenya mmoja mnene aitwaye Kariuki.

"Masuti asubuhi yote hii? Harusi iko wapi, na mbona sikualikwa?" Kisha akaona kioo. "Boss, umewekea tenki maji ya lori?"

"Ndiyo," alisema Ladislaus. "Na imewashwa."

"Basi hiyo haiendi mahali. Mmebeba nini?"

Ladislaus akainua ncha ya turubai. Kariuki akavua kofia.

"Pole, ndugu zangu. Ningewapeleka, lakini mbao zimejaa mpaka mlangoni."

Mtu pekee waliyemjua mwenye gari la kutosha alikuwa Bertrand wa kitongoji cha Alby, anayeendesha basi dogo la kanisa. Ladislaus alimpigia, naye akafika saa tatu kasoro dakika kumi. Viti viwili vya nyuma vilibidi kufunguliwa, na boliti moja ilikuwa na kutu. Jeneza, pamoja na bati la zinki la ndani, lilikuwa na kilo mia moja na sabini. Walilihamisha Kariuki, Bertrand, Ladislaus, Valéry na madereva wawili ambao hawakujua Kiswahili wala hawakuuliza kitu. Waliondoka saa tatu na dakika tano.

Kwenye madaraja ya Essinge, Stockholm, magari yalikuwa yamesimama. Bertrand alibadilisha mistari mara mbili, kisha akaacha.

"Ni mimi, muramu?" aliuliza Valéry.

"Niliuona mpira wa buluu," alisema Ladislaus. "Nilikuona. Nilikuwa naandika namba."

Valéry aliangalia viatu vyake. Gari zima lilinuka dizeli.

Walifika Arlanda saa nne na dakika kumi na moja. Karani alikuwa mwanamke mpole. Alitoka nje mwenyewe, akalitazama jeneza, akaeleza kwamba shehena ya ndege hiyo imeshafungwa kwenye mfumo na yeye hana uwezo wa kuifungua. Aliwapa tarehe nyingine, siku kumi na mbili mbele, akawaomba wasaini. Valéry alisaini.

Saa sita na robo alipiga simu Anitha, mdogo wao, kutoka Muleba.

"Kaka, Mama anauliza kama Agripina ameshapanda."

"Bado."

"Amekubali kunywa maji tu. Nimwambieje?"

"Mwambie hivyo hivyo. Bado."

Saa saba kasoro dakika ishirini ubao wa uwanja ulionyesha kwamba ndege imeondoka.