Jaji wa Shirikisho na Neno "Tosha"

Heriel alikuwa Jaji wa Shirikisho. Shirikisho lenyewe lilikuwa vyama viwili vya wafanyabiashara, cha Watanzania na cha Wakongo, vilivyoungana pale Dengfeng, mtaa wa Waafrika ugenini kwa Wachina, ghorofani juu ya mgahawa wa Mama Kissa, baada ya kugundua kwamba vinakodi chumba kimoja. Ujaji alipewa kwa sababu kwao Himo aliwahi kuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo, na kati yao wote ni yeye peke yake aliyekwishaingia mahakamani mara nyingi bila kushtakiwa.

Joho alilinunua madukani, barabara ya Guangyuan Xilu. Lilikuwa la kwaya, jeusi, na laoban mwenye duka alimwambia "meiyou", hakuna punguzo, kabla hata hajaomba. Hukumu zake zilikuwa za haki, ila ndefu, na chakula kilipoa.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha, kikao kiliitwa kuamua kama aendelee. Wakongo wakasimama wote wakaimba, "Jaji, tosha! Jaji, tosha!" Watanzania wakasikia: huyu anatosha, hatutaki mwingine. Nao kwa kuwa hawapendi kupitwa, wakadakia. Heriel akainama, akafuta jicho. Katibu akatangaza: jaji wa maisha. Heriel aliupenda ule mwito kuliko jina alilobatizwa.

Miaka ikapita. Siku moja wakasimama mbele yake Émérance, mama wa Lubumbashi muuza nguo, na Jovin wa Bukoba, aliyempakilia kontena kule Xintang, kwenye viwanda vya jinzi.

"Papa Jaji," Émérance akaanza, "zile jinzi nyeusi, kiwanda kiliweka zipu nyuma. Nyuma, Papa. Nikamutumia Jovin sauti: jinzi nyeusi, tosha. Yeye akafunga kontena nazo ndani. Sasa Lubumbashi yote inanicheka."

"Mheshimiwa, nilitii," Jovin akasema. "Kaniambia zinatosha. Sikuongeza hata moja."

"Kutosha ni kutoa! Mutu akiingia kanisani na kofia, tunamuambia: tosha kofia. Wewe unafikiri tunaisifu?"

Watu wakacheka. Heriel hakucheka. Alimgeukia Nicolas, mwenyekiti wa Wakongo, aliyekuwa ghafla anachunguza viatu vyake.

"Nicolas. Siku ile mlipoimba."

"Ndiyo, Papa."

"Mlikuwa mnasema nini?"

"Papa, hata sisi tulishangaa. Tunakuambia utoke, unainama, unatushukuru. Tukaona haya kurudia."

Kama tosha ni kutosha, Jovin hana kosa na Heriel atazikwa na joho lake. Kama tosha ni kutoa, Émérance ameshinda na jaji hajawahi kuwa jaji wa maisha. Hata Mama Kissa, aliyepanda kukusanya sahani, alilielewa hilo, akazishika sahani zisigongane.

Heriel alikuwa mtu wa majivuno, na majivuno yake hayakumruhusu kuvaa sifa aliyoisikia vibaya.

"Neno ni mali ya kinywa kilicholisema," akahukumu. "Jovin, ulipewa neno la Lubumbashi, ukalisikia kwa sikio la Bukoba. Umeshindwa. Mtafutie Mama Émérance fundi wa zipu." Ilikuwa hukumu yake fupi kuliko zote. Akavua joho, akalikunja, akaliweka mezani.

"Papa, unaenda wapi?" Nicolas akauliza. "Ile ni zamani. Tumekuzoea. Bakia."

"Na kubaki, kwenu, ni nini?"

Nicolas akafikiri. "Kubaki ni kubaki."

Heriel akanyoosha mkono kulichukua joho.

"Mimi nasema," ikatoka sauti ya Jovin, "jaji, tosha."

Mkono ukasimama. "Kwa Kiswahili kipi?"

"Cha Lubumbashi, Mheshimiwa. Neno si mali ya kinywa?"

Watanzania, kwa kuwa hawapendi kupitwa, wakadakia.

Heriel aliipima hoja ile juu na chini, akaona haina kasoro. Akaliacha joho mezani, akashuka kula. Mama Kissa akamwambia apange foleni.