Meza Iliyokatwa Miguu

Asubuhi ile Zena alijifunga mkono wa kulia mgongoni kwa kanga, akaketi jikoni juu ya gogo, akajaribu kuranda ubao kwa mkono wa kushoto. Ubao ukamkimbia. Akaukanyaga, akajaribu tena, hadi jasho likamwingia machoni. Alitaka kujua mumewe amebakiwa na nini.

Radjabu, mumewe, alikuwa seremala wa kutajwa katika mji wao wa kando ya ziwa, Rumonge, mpaka Minago. Kiharusi kilimwangusha msimu wa mvua, kikauzima upande wake wa kulia na kumpindisha mdomo. Tangu hapo alilala ameelekea ukutani. Wateja walipeleka kazi zao kwingine, na karakana ya nyuma ya nyumba ikaanza kunuka ukungu. Maisha yote ya ndoa Zena aliishi na mlio wa randa. Sasa alisikia ziwa tu, likipiga ufukoni bila kuchoka, naye akalichukia.

Akachora kwa mkaa sakafuni mwa karakana: meza fupi, ya kumfika mtu magotini, mgonjwa aikalie mwisho huu na kufanyia kazi mwisho ule, kizuizi mbele, cha kuukinga ubao usiteleze, matundu mawili na kamba ipitayo humo, ivutwe chini kwa mguu wa kushoto, ili ubao ukae imara. Kisha akamwita Cubaka, fundi Mkongomani, jirani yao. Cubaka aliuelewa mchoro, akausifu. Lakini mbao za meza mpya hazikuwapo. Zena alipomwonyesha meza ya mvule ambayo Radjabu aliitengeneza kwa mikono yake kabla hawajaoana, fundi akaweka msumeno chini.

“Mama, hii siwezi kukata. Mwenyewe angali iko muzima.”

“Ndiyo maana nataka uikate,” Zena akasema.

Msumeno ulilia mpaka adhuhuri. Zena alipoingia chumbani na uji, alikuta mto umelowa. Radjabu hakumtazama.

“Umenikata miguu,” alisema, neno moja moja, kama mtu anayetema mchanga.

Siku nyingi zikapita bila yeye kufungua tena kinywa ila kwa kula. Zena akaanza kuamini kwamba amekosea, na kilichokatwa hakiungiki. Mara mbili alitaka kumwomba Cubaka aichukue meza ile akaitumie kwake. Mara mbili alifika mlangoni kwa jirani, akarudi.

Ijumaa moja, akirudi kutoka sokoni na mihogo, alimkuta Radjabu karakanani. Alivyojikokota hadi pale, hakumuuliza. Alikuwa amekaa juu ya meza, mguu wa kushoto ndani ya kamba, kanzu imejaa maranda. Ubao uliokuwa mbele yake ulikuwa mabonde na vilima. Aliupapasa kwa kiganja, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

“Fundi wa namna hii,” alisema, “ningemfukuza.”

“Mfukuze kesho, Baba Raisa.”

Hakucheka. Alilegeza kamba, akaugeuza ubao upande wa pili.