Kamera Iliyofungwa Nepi

Kila asubuhi mpigapicha alisimama karibu na meza, viatu vimeshafungwa, akisubiri kamera yake ivalishwe. Hapo ndipo siku yake ilipoanza kuharibika.

Mama mkwe wake alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne, na tangu astaafu mikono yake haikuwa imepata kazi ya kuitosha. Sasa ilipata. Aliilaza kamera chali, akaizungushia nepi ya kitambaa ya mjukuu aliyekwisha kuanza shule, akavuta pembe hii, akavuta na ile, akapiga fundo. Juu ya fundo akapiga lingine. Kisha mfuko wa nailoni, na fundo la tatu.

"Mama, nachelewa."

"Hakuna mtoto aliyechelewa kwa kufungwa vizuri."

"Si mtoto, Mama. Ni kamera."

"Ndiyo maana haiwezi hata kulia ikipata shida. Tulia."

Mume wa mpigapicha alicheka ndani ya kikombe cha chai.

"Na wewe usicheke," mama yake akamwambia. "Nilikufunga hivi hivi, ukanyamaza."

Haki isemwe, bibi huyo hakuwa na hofu ya bure. Kazi ya mkwewe ilikuwa kupiga picha daraja lililokuwa likijengwa juu ya mto, kila siku, akiwa amesimama mahali pale pale. Vumbi la saruji halibishi hodi, na manyunyu ya mto yalipanda hadi usoni. Lakini mhandisi mkuu alikuwa ametamka sharti lake siku ya kwanza kabisa: "Nataka kila hatua ionekane. Hatua moja ikikukosa, natafuta mtu mwingine." Mpigapicha alikuwa amefikisha siku mia mbili na kumi bila pengo. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kusubiri simu za harusi zisizolia. Kazi hii hakutaka kuipoteza, na hakika si kwa sababu ya fundo.

Siku ya boriti ya mwisho alitoka nyumbani mbio. Boriti ile ndiyo ingeunganisha pande mbili, na mhandisi alitaka picha yake ikiwa ingali inaning'inia hewani. Ikishakaa, imekaa.

"Nepi ilikuwa imekuwa nyeusi," mama mkwe alisema akimkabidhi kifurushi. "Nimeifua jana. Sasa inanukia."

"Asante, Mama," alijibu bila kuigusa wala kuinusa.

Alipofika, mvua nyepesi ilikuwa imeanza na boriti ilishainuliwa. Akapiga magoti kwenye kokoto. Fundo la nje likakubali baada ya kung'atwa. La ndani likakataa. Akatia kucha, ukucha ukavunjika. Akatia meno tena.

"Mama Nepi!" fundi mmoja wa chuma akapaza sauti. "Mtoto kalala?"

"Mbadilishe, huenda kalowa!" akaongeza mwingine, wakacheka wote.

Na kweli alikuwa kalowa. Fundo la mwisho lilipoachia, nepi ilikuwa mbichi, na kwa kukaa na joto ndani ya nailoni ilikuwa imeijaza lenzi ukungu kama kioo cha bafuni. Mpigapicha akaifuta kwa shati. Shati nalo lilikuwa limelowa, likapaka maji. Akafuta kwa kola. Hovyo zaidi. Machozi ya hasira yakamlenga.

Mhandisi akatazama saa. "Tushushe."

Dereva wa kreni, mtu mzima waliyemwita Taratibu, akajibu kwenye redio: "Subiri kidogo, mkuu. Kamba naiona kama imekaa vibaya. Naikagua."

Boriti ikabaki juu. Taratibu hakuwa akiangalia kamba hata kidogo. Alikuwa akimwangalia mwanamke aliyepiga magoti chini.

Yule fundi aliyeanza utani akaja, akavua kofia ngumu, akachomoa kitambaa alichokuwa amekikunja ndani. "Shika, dada. Ni kikavu. Kina harufu ya kichwa changu kidogo, lakini ni kikavu."

Mpigapicha akafuta. Akapuliza. Akafuta tena. Akasimama mahali pake, akapiga.

"Kamba iko sawa," redio ikasema.

Boriti ikashuka, ikakaa. Mhandisi akatazama kamba, akamtazama dereva, akaja hadi kwa mpigapicha na kuitazama picha kwa muda mrefu.

"Kamba ilikuwa sawa tangu mwanzo," akasema. "Leo umeponea hapo. Kesho sitaki kuona fundo hapa kwangu."

Njia nzima ya kurudi alipanga maneno. Alinunua mfuko wenye zipu, akapanga maneno mengine makali zaidi. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Haikulowa?"

"Ililowa, Mama. Kwa nepi. Nusura nifukuzwe kazi."

Bibi akaipokea ile nepi, akaiminya, akaipeleka shavuni.

"Niliishika ikaniambia imekauka," akasema. "Siku hizi vidole vyangu havinambii ukweli."

Maneno yote ya njiani yakamkauka mpigapicha mdomoni. Akabaki na moja tu, nalo akalisema, maana lisiposemwa kazi ingekwenda.

"Kuanzia kesho nafunga mwenyewe, Mama."

"Na mimi?"

"Wewe macho yako bado yanasema kweli. Utakagua."

Asubuhi iliyofuata alifunga mwenyewe, mama mkwe amesimama pembeni, mikono nyuma kama mtu aliyekatazwa kugusa chungu cha moto.

"Hapo kwenye kona hewa inapita."

"Inatakiwa kupita, Mama."

"Mtoto wa nani huyo anayeachiwa hewa mgongoni?"

Mpigapicha akafumba macho, akahesabu hadi tano. Akafungua zipu, akasukuma kona ndani kidogo, akafunga.

"Sasa?"

"Sasa afadhali. Hebu geuza nione upande ule."

Akageuza. Siku hiyo alichelewa kutoka kwa dakika sita, lakini darajani alifungua zipu moja tu.